Talato na Kuku Aliyesema

Wamosi ni watumwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu mimi Zerbo ni Msamo, na Msamo akitaja habari za Wamosi bila kuwatukana kwanza, watu huulizana kama ana homa. Wao nao husema hayo hayo juu yetu, kwamba sisi ndio watumwa wao, na kwamba kwa kupenda nyama ya mbwa, ukituonyesha kichwa chake tunasahau hata majina ya mama zetu. Utani huu wa makabila yetu mawili tuliachiwa na mababu, wala hakuna anayeruhusiwa kukasirika, hata msibani. Hasa msibani. Kwa hiyo mkinisikia namsifu mwanamke wa Kimosi kuanzia hapa mpaka mwisho, jueni nimeshikwa pabaya.

Talato aliolewa mtaani kwetu, hapa Wagadugu, na Sibiri mtoto wa mfumaji. Harusi haijapoa vizuri, Sibiri akaenda kutafuta maisha kwenye mashamba ya kakao huko Kodivaa, akawa anaonekana nyumbani kwa nadra na bila taarifa. Talato akabaki kwa wakwe zake. Alikuwa na vipaji viwili, kukaanga karanga na kucheka, na vyote viwili alivifanya kwa pamoja. Alikuwa akicheka kwa mwili mzima mpaka sinia la karanga linatikisika kichwani, na watoto wa mtaa walikuwa wakimfuata wakisema vichekesho ili waokote zinazomwagika.

Nyumba ile haikuwa nyumba ya kucheka. Mkwewe wa kike, Mama Hado, alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye jicho la kuona uchafu chini ya mkeka uliokunjwa. Halafu palikuwa na Azeta, mke wa kaka mkubwa, ambaye hakuwahi kukosea jambo lolote tangu azaliwe na hakutaka mtu yeyote asahau hilo.

Na palikuwa na Mzee Tibo mwenyewe, mfumaji. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini Mzee Tibo hakuwa kipofu. Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa yeye tu ndiye hakujua kwamba tunajua. Aliwahi kumwamkia mbuzi wangu njiani, akamuuliza habari za watoto na za kazi, na mbuzi aliponyamaza akaondoka akinung'unika kwamba Wasamo hawana adabu. Neno lake lilikuwa moja. Ukimwambia wingu limetanda, "Nimeona." Ukimwambia joho lake amelivaa nje ndani, "Nimeona, ndivyo ninavyolitaka." Nyuzi alizifuma kwa vidole, na rangi alizikisia kwa kuuliza kijanja, "Hivi wewe unaonaje, huu si mwekundu?"

Mkewe alikuwa akitaka kumshika mkono wanapokwenda mahali. Thubutu! Mzee alikuwa akiupiga ule mkono. "Mimi mtoto?" Basi Mama Hado akawa anatangulia mbele huku akiyasukuma mawe kwa mguu, akijifanya amedondosha kitu. Miaka na miaka alisukuma mawe. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti katika ua ule, na neno kipofu lilikuwa halitamkwi hata kwa ajili ya kuku.

Sasa nije kwenye sinema, ambako ndiko ninakohusika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mashine ya picha katika sinema ya mtaa wetu. Haikuwa na paa. Palikuwa na ukuta mweupe, mabenchi ya saruji mbele kwa watu wa kawaida, na viti vya chuma nyuma kwa wenye mikufu. Tulipenda filamu za ngumi na za Kihindi. Kiangazi kimoja tajiri wetu akaleta filamu ya kijana wa hapa hapa mjini, maana mji wetu huu ukitupa jiwe linampata mtengeneza filamu. Ilikuwa habari ya bibi mmoja mfinyanzi. Bibi anakufa. Watoto wake wanarudi nyumbani, wanaiondoa mali yake chombo kimoja kimoja, na kila chombo kinachotoka mtoto mmoja anamkumbuka mama kwa namna yake, na hawakubaliani. Hakuna anayempiga mtu. Mwishoni nyumba imebaki tupu, na uani kimebaki kigoda cha bibi. Kuku anakuja, anakiangalia kigoda, anaruka juu yake, anakaa. Kwisha.

Siku ya kwanza watu walidai warudishiwe viingilio. Fundi baiskeli mmoja alisimama akauliza kwa uchungu kabisa, "Kwa hiyo kuku ndiye aliyemuua?"

Habari hiyo ilimfikia Mzee Tibo kilabuni, kwenye pombe ya mtama, watu wakiiponda ile filamu. Yeye, kwa kupenda ubishi, akasema atakwenda kuiona ndipo atoe hukumu. Jioni akamwita Talato.

"Mke wa Sibiri, nisindikize sinema. Ukauze karanga zako huko ndani."

"Sawa, Baba."

"Na kwa kuwa nyinyi vijana hamjui kuangalia filamu, uwe unanieleza unachokiona. Ukikosea nitakusahihisha."

"Sawa, Baba," alisema Talato, akaenda kucheka nyuma ya jiko.

Walikaa benchi la tatu, kando ya nguzo. Siku hiyo alimsimulia kwa uaminifu. "Mwanamume anatembea, Baba. Bado anatembea. Anatembea tu. Sasa amesimama. Hapana, anatembea." Mzee akawa anaitikia, "Nimeona, nimeona." Walirudi juma lililofuata, Talato akasimulia tena kwa uaminifu. Mara ya tatu uaminifu ukamshinda. Mtu mwenye kicheko kile hawezi kumtazama mwanamume akitembea mara tatu. Akaweka mwizi dirishani. Juma jingine akaweka harusi. Halafu siku moja yule kuku aliporuka juu ya kigoda, Talato akamfanya aseme.

"Anasemaje?" Mzee alishtuka.

"Anasema, ondokeni nyote, mwenye nyumba sasa ni mimi."

Mzee Tibo alipiga paja lake kwa furaha mpaka watu wa nyuma wakamwambia anyamaze.

Basi kilabuni ikawa vita. Watu walipoiponda filamu, yeye aliwaambia filamu ile haionwi mara moja. "Mara ya kwanza unaona watu tu. Ukirudi ndipo unaona mambo. Yule mwizi mlimwona? Harusi mliiona? Kuku alivyosema mlisikia?"

"Kuku gani aliyesema, Mzee?"

"Wewe ulikuwa umelala."

"Sikulala hata kidogo!"

"Ulikuwa macho, lakini huoni." Hayo aliyasema yeye, akinyoosha kidole kwa nguzo ya kibanda.

Watumwa wangu wa Kimosi hawapendi kupitwa. Wakaanza kurudi sinema kumtafuta mwizi, na harusi, na kuku. Mabenchi yakajaa. Tajiri akawa ananipa mkono kila jioni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hawakuyaona waliyoyatafuta, lakini kwa kukodoa macho namna ile waliona mengine. Muuza nyama mmoja aligundua kwamba binti mdogo wa marehemu anafuta vyungu kwa upande wa mkono wake kama mama yake alivyokuwa akifuta, na hajijui. Akalia mbele za watu, jitu zima lenye mikono ya damu. Mwingine aliona kwamba yule mwanamume anayetembea muda wote, mtoto wa marehemu, hatua zake zinakwenda kwa mdundo wa mama yake alivyokuwa akitwanga. Waliulizana, walibishana, walirudi. Na kuku asipowasemea, walinigeukia mimi.

"Zerbo! Mla mbwa! Umekata kipande! Rudisha kuku wetu aseme!"

Mimi niliyeiona filamu ile kuliko wao wote sikuwa nimeona kitu. Nilijua tu mahali ambapo mkanda uliungwa vibaya.

Kuna jioni moja lazima niisimulie vizuri. Taa ya mashine iliungua katikati ya filamu. Sauti ikaendelea, picha ikafa, ukuta ukawa mweusi tititi. Mabenchi yakalipuka kwa miluzi. "Picha! Picha! Zerbo, picha!" Na mengine kuhusu mama yangu. Nikashuka mbio kumwazima Talato tochi yake ya kuuzia karanga. Nikamkuta ameinamisha kichwa, anamenya karanga, na mdomo unakwenda wenyewe. Alikuwa ameizoea filamu kiasi kwamba hakuwa akiangalia tena.

"Sasa mabinti wanagombania chungu kikubwa, Baba," alikuwa akisema. "Yule mkubwa amevaa nyekundu, amependeza."

"Kelele za nini hizi?" aliuliza Mzee.

Talato akainua kichwa, akauona ukuta. Mimi nimesimama pale nimeziba mdomo.

"Wanashangilia, Baba. Kuku amesema."

"Ehe! Leo amesemaje?"

"Amesema… amesema Zerbo aongezewe mshahara."

Mzee alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye benchi. Tulimwinua watu wawili, machozi yanamtoka kwenye yale macho meupe. "Nimeona," akawa anasema. "Nimeona kabisa!" Mimi na Talato tukaangaliana, tukajua tumeponea chupuchupu.

Mvua zilipoanza, Mzee Tibo alilala usiku mmoja, akaenda zake usingizini. Hakuumwa, hakusumbua mtu. Mama Hado hakulia. Watu walisema ni mshtuko, atalia kesho. Kesho hakulia. Alifagia ua, akafagia tena. Miezi ikapita, mtama ukavunwa, naye halii, hacheki, hasemi ila la lazima. Hata kumkemea Talato aliacha, na hapo ndipo Talato alipoogopa kweli.

Ukafika wakati wa matanga makuu. Kwa Wamosi, siku hiyo mke wa mmoja wa watoto huvaa nguo za marehemu, hushika fimbo yake, na tangu asubuhi mpaka jua linazama yeye ndiye marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anakemea wajukuu, anadai chakula chake. Watu humwita kwa jina la marehemu, wanamdai, wanamtania, wanamwambia yale ambayo hawakuwahi kumwambia. Akifanya vizuri, mzee ameagwa. Akifanya vibaya, mzee ameondoka bila kuaga, na mwanamke huyo atachekwa mpaka wajukuu zake waoe.

Kila mtu alijua kazi hiyo ni ya Azeta. Azeta mwenyewe alishaanza kukohoa kisimani. Lakini dada wa marehemu, shangazi mkuu ambaye neno lake halijibiwi, akasema, "Talato. Ndiye aliyekuwa akitoka naye jioni. Niliwasikia wanarudi wakicheka."

Ndipo Mama Hado akafungua mdomo. "Sawa. Nitamtazama. Nikimwona mume wangu ndani yake, vyema. Nisipomwona, nguo zile nitamvua mimi mwenyewe mbele ya watu, nimpe Azeta."

Kesho yake Talato alinifuata kwenye chumba cha mashine. Sinia la karanga lilikuwa limetulia kabisa.

"Zerbo, mtumwa wangu, nimekwisha."

"Nani anakufukuza? Kama ni deni, mimi mwenyewe sina."

"Simjui Mzee."

"Humjui vipi? Umekaa naye benchi moja msimu mzima!"

"Nilikuwa naangalia ukuta!" Akaanza kulia. "Muda wote ule nilikuwa naangalia ukuta, Zerbo. Filamu naijua mpaka mbwa wanaobweka. Yeye sikumwangalia. Kukohoa kwake Azeta anakujua, kutembea kwake Azeta anakujua. Mimi najua nini? Na kila mara nilimdanganya. Mwizi, harusi, kuku… Mzee wa watu amekufa anaamini kuku alisema."

Nilitaka kumtania, ndiyo kazi yangu, lakini niliishia kumuuliza, "Sasa unataka nini?"

"Iweke tena."

Mkanda ulikuwa bado kwetu, maana tajiri hakuwa mwehu wa kuirudisha filamu iliyomjazia mabenchi. Nikaiweka jioni iliyofuata. Talato akaja akakaa benchi la tatu, kando ya nguzo, sinia lake akaliweka mahali pa Mzee ili mtu asikae. Nikamchungulia kwa kidirisha. Alikuwa amefumba macho. Nikadhani amesinzia, kama watu wenye akili timamu wanavyofanya kwenye filamu ile. Lakini baadaye nikaona mkono wake unainuka wenyewe, unapapasa karanga, unachukua moja moja na kuigonga kwenye meno kabla ya kuitafuna. Alikuwa ni Mzee Tibo yule! Kidogo akalalia upande mmoja akatega sikio, akasafisha koo kama vile anataka kubisha. Kila mahali kwenye filamu palikuwa na kitu chake. Mlango wa bibi ulipolia, Talato akavuta joho ambalo hakulivaa. Mabinti walipogombana, akatikisa goti.

Halafu ikafika pale ambapo siku ile taa iliungua. Nikamwona amefungua macho, ameshika mdomo. Akatoka mbio, akapanda ngazi za kwangu akiwa analia na kucheka, siwezi kusema lipi lilikuwa mbele.

"Zerbo! Siku ile taa ilipokufa, watu walikuwa wanasemaje?"

"Walikuwa wanamtukana mama yangu."

"Na nini kingine?"

"Picha, picha. Wanataka picha."

"Nimekaa pale nimefumba macho," alisema, "nikamsikia mtu wa viti vya nyuma anajikuna. Anajikuna, Zerbo! Sasa Mzee Tibo, kwa masikio yale, asisikie watu mia wanaomba picha?"

Nikakaa kwenye ndoo. Nilikumbuka yule mzee anavyoteleza kwenye benchi, machozi yanamtoka. Nimeona kabisa.

"Alijua," nikasema.

"Alijua! Na juma lililofuata akanambia, twende, mke wa Sibiri, tukaione tena." Akafuta kamasi kwa kitenge. "Sasa nakwenda kuwa yeye. Wewe uniandalie mbuzi."

Siku ya matanga ua ulijaa mpaka watoto wakapanda ukuta. Ngoma zililia, vibuyu vya pombe vikazunguka. Mimi nilitimiza wajibu wangu wa Kisamo. Nililala langoni, nikazuia njia, nikalia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa wote. "Mtumwa wangu amekufa! Nani atanilimia? Nani atanichotea maji? Hapiti mtu hapa mpaka nilipwe!"

Kwenye mlango wa nyumba akatokea Mzee Tibo.

Nasema Mzee Tibo, kwa sababu nilisahau. Joho limevaliwa nje ndani. Kofia imeinamia sikio. Fimbo inapapasa huku mwenyewe akijifanya anaichezea tu. Akaja mpaka langoni, akanikanyaga tumboni kwa mguu mzima, akasimama hapo hapo, akapapasa kwa fimbo, akasema, "Nimeona. Ni jiwe. Hado, hukuliona hili?"

Ua ulipasuka kwa kicheko. Akashuka tumboni mwangu, akaenda moja kwa moja kwa mbuzi wangu niliyemfunga pale kwa makusudi, akavua kofia. "Hujambo, bwana Zerbo? Watoto hawajambo? Kazi je?" Akatega sikio. "Hujibu? Wasamo ni wale wale!" Watu walianguka. Muuza nyama alishikilia ukuta. Shangazi mkuu alipiga vigelegele mpaka meno yake ya bandia yakahitaji msaada. Hata Azeta alicheka, akakasirika kwa kucheka, akacheka tena.

Mmoja tu hakucheka. Mama Hado alikaa kwenye mkeka wake, mgongo umenyooka, anatazama. Kila Talato alipopita karibu naye, kicheko cha watu kilipungua, maana sote tulikuwa tukiuangalia ule uso. Mwishowe akasimama. Ngoma zikanyamaza bila kuambiwa.

"Wewe, Tibo."

"Nakusikia, Hado."

"Msimu mzima ulikwenda sinema ukaniacha hapa na ufagio. Mtaa wote uligombana kwa ajili yako. Sasa niambie mimi mkeo. Kuku alisema, au hakusema?"

Talato akijibu kwamba kuku alisema, amedanganya mbele ya marehemu, na ua mzima unajua ni uongo. Akijibu hakusema, amemfanya mzee wa watu mjinga aliyedanganywa na mkwewe kama mtoto wa kunyonya, siku ya kumuaga. Azeta akajongea karibu, mikono iko tayari kupokea joho. "Mjibu basi," akasema.

Talato akasafisha koo, kama Mzee alivyokuwa akisafisha kila alipotaka kubisha.

"Kuku hakusema hata neno, Hado," akasema kwa sauti ile ile. "Aliyekuwa akisema ni mke wa Sibiri. Mimi nilikuwa kipofu, sikuwa kiziwi."

Lile neno halikuwahi kutamkwa katika ua ule.

"Umesemaje?" Mama Hado aliuliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Kipofu. Ukuta wenyewe sikuuona. Nilikuwa nakwenda kumsikiliza anavyodanganya. Anadanganya vizuri, yule mtoto."

Mama Hado akafungua mdomo. Kilichotoka kwanza kilikuwa kama kikohozi, kisha kikawa kicheko, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyejua kimekaa wapi ndani ya mwili mwembamba ule. "Leo!" akapiga kelele. "Leo ndiyo unakiri! Mbishi we! Vidole vyangu vya miguu vimekwisha kwa kusukuma mawe! Miaka yote! Kila jiwe la mji huu nalijua kwa jina!" Akampiga Mzee Tibo kifuani kwa ngumi, machozi yakaanza kumiminika, yale ya miezi yote. "Ungesema tu! Neno moja tu! Si ningekushika mkono?"

Hili Talato hakuwa amelipanga, aliniapia baadaye. Aliiachia fimbo ikaanguka. Akanyoosha mkono wake, kiganja juu, kitu ambacho Mzee Tibo hakuwahi kukifanya maishani mwake.

"Haya, Hado. Nishike."

Mama Hado akaushika. Akamwongoza polepole kuuzunguka ua wote, mbele ya watu wote, akilia na kucheka, akimwambia, "Hapa pana jiwe. Inua mguu. Hapa ni mlango wa Azeta, ana hasira, tupite haraka. Hapa pana mbuzi, usimwamkie." Na Mzee akawa anaitikia kila hatua, "Sioni, mke wangu. Niambie." Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwazomea Wamosi mpaka jioni, nilikaa chini nikalia kwa utani na bila utani. Niliwaambia mapema kwamba nilishikwa pabaya.

Juma lililofuata niliiweka ile filamu. Kabla sijazima taa, nikamwona Mama Hado anaingia na kitenge kipya, anatazama huku na huku kwa dharau, anakwenda kukaa benchi la tatu kando ya nguzo. Talato akakaa pembeni yake na sinia, kimya, amejikunja kwa adabu. Filamu ikaanza. Mwanamume akatembea. Akatembea sana. Nilikuwa nimeshuka chini siku hiyo, nimekaa benchi la nyuma yao, kwa mara ya kwanza naiangalia kama mtazamaji. Na kweli, hatua zake zilikuwa na mdundo wa kutwanga. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa sijaliona hilo.

Ikafika mwisho. Kuku akaja, akakiangalia kigoda, akaruka, akakaa. Mama Hado akampiga Talato kiwiko.

"Mbona hunisimulii?"

"Mama, wewe una macho."

"Macho ninayo. Kuku anasemaje?"

Mabenchi ya mbele yote yalikuwa yamegeuza vichwa, wanasubiri.

"Anasema kigoda bado kina joto."

Mama Hado akaishika saruji ya benchi pale alipokuwa akikaa mumewe. Kisha akachota karanga kwenye sinia, akaigonga moja kwenye meno.

"Muongo mkubwa wewe," akasema. "Zerbo! Iweke tena."